Gemu Ileile, Mkono Unakataa: Ngumi za Ukumbini Zikihamia Mashine ya Nyumbani

Kijana wa Tanga aliyekulia kwenye gemu ya ngumi ya Tekken 3 katika banda la gemu pale Ngamiani, mbele ya tivii ya chogo, akialikwa Raskazone kucheza gemu hiyohiyo kwenye flati ya inchi 55, raundi ya kwanza hupigwa kama mgeni. Anakinga, ngumi imeshaingia. Kombo, ule mfululizo wa mapigo aliouzoea miaka yote, inakatika katikati. Atasema gemu ni nzito, mwenye tivii atasema hicho ni kisingizio cha aliyeshindwa, na ubishi utahamia barazani.

Ubishi huo hauishi kwa sababu mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye lalamiko moja. Kuna vitu vilivyokatwa gemu ilipohamishwa kutoka mashine ya sarafu ya ukumbini kwenda mashine ya nyumbani. Kuna mwendo wa gemu yenyewe. Na kuna muda unaopotea kati ya kidole na kioo. Kila jambo lina chanzo chake na dawa yake, na asiyeyatenganisha ataishia kununua pedi mpya wakati mgonjwa ni tivii. Msimamo wetu tunautoa mapema: gemu ya ngumi hupimwa kwa saa kwanza, picha baadaye. Toleo la nyumbani lililopoteza nusu ya mandhari lakini likatunza muda ni toleo zuri. Lililotunza kila jani la mti huku likichelewa ni pambo la sebuleni.

Kilichokatwa, na kwa nini

Street Fighter II ya Capcom iliingia kwenye kumbi za michezo mwaka 1991 juu ya bodi inayoitwa CPS-1. Chipu za michoro peke yake zilibeba megabaiti 6, programu megabaiti 1, na sauti zilikuwa na chipu zake pembeni. Mwaka 1992 ikatoka kwenye mashine ya nyumbani ya Super Nintendo kwa kaseti ya megabiti 16. Hapo pana mtego wa hesabu unaowanasa wengi hadi leo: kaseti za zama zile zilitangazwa kwa megabiti, namba ionekane nene. Gawanya kwa 8, unabaki na megabaiti 2. Mzigo uliozidi megabaiti 7 ulipaswa kuenea humo.

Kazi kubwa zaidi iliyofanyika haionekani kwa haraka. Kioo cha CPS-1 kina nukta 384 kwa upana na 224 kwa kimo. Cha Super Nintendo kina 256 kwa 224. Vyote viwili hutandazwa kwenye tivii ya uwiano wa 4:3, kwa hiyo nukta za Super Nintendo ni pana zaidi. Mpiganaji kama Ryu akihamishwa jinsi alivyo angeonekana mnene mara moja na nusu. Ikabidi wapiganaji wachorwe upya kwa thuluthi mbili ya nukta zao za upana, jambo ambalo liliokoa na nafasi kwenye kaseti. Hatua ya bonasi ya kuvunja mapipa ikaondolewa, ikawekwa ya kuvunja matofali. Sauti zote, muziki pamoja na vilio vya wapiganaji, zikabanwa kwenye kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Pamoja na hayo yote kaseti ile iliuza nakala zaidi ya milioni 6, na sababu yake inaeleweka: mapigo yalibaki, na vitufe sita vya ukumbini vilipata vitufe sita kwenye pedi, vinne usoni na viwili mabegani.

Mega Drive, mashine ya nyumbani ya Sega, ilipata toleo lake mwaka 1993, kaseti ya megabiti 24, lenye sauti za wapiganaji zinazokwaruza kama mtu mwenye mafua. Hilo linavumilika. Lisilovumilika lilikuwa pedi ya kawaida ya mashine ile, yenye vitufe vitatu tu: ngumi tatu upande huu, na ukitaka mateke unabonyeza Start kwanza ili vitufe vibadilike kazi. Kwenye gemu ambayo teke la chini linafuatwa na ngumi ndani ya sehemu ya sekunde, huo ni ulemavu. Sega wakatoa pedi ya vitufe sita mwaka huohuo. Ukiiona mahali inauzwa pamoja na mashine, bei ya mashine ihesabu upya.

Zilipokuja diski, shida ya nafasi ikageuka. CD inabeba mamia ya megabaiti, ila gemu haichezwi kutoka kwenye CD. Inachezwa kutoka kwenye kumbukumbu, na PlayStation ya kwanza ina megabaiti 2 za kazi za jumla, megabaiti 1 ya picha na kilobaiti 512 za sauti. Kisomeo chake huvuta kama kilobaiti 300 kwa sekunde. Kujaza zile megabaiti 2 tu kunakula takriban sekunde 7, na hizo ndizo sekunde unazotazama neno la kusubiri.

Mfano unaouma ni X-Men vs. Street Fighter. Ukumbini, kila mchezaji ana wapiganaji wawili na anawabadilisha katikati ya pambano. Maana yake michoro ya watu wanne iwe tayari kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna atakayesubiri diski izunguke huku anapigwa. PlayStation haikuweza. Toleo lake la mwaka 1998 likaondoa kubadilishana kwa kawaida, mwenzako akabaki msaidizi wa kuingia na kutoka. Sega Saturn, iliyokuwa nyuma ya PlayStation katika mambo mengi ya 3D, ilitoa gemu hiyo mwaka 1997 pamoja na kaseti ya kuongeza kumbukumbu (RAM) ya megabaiti 4 inayochomekwa juu yake, na kubadilishana kukabaki. Kwa hiyo ukiona nakala ya PlayStation haibadilishi wapiganaji, usimlaumu aliyekuuzia kwamba kakupa feki. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Neo Geo ya nyumbani ilikwepa suala zima kwa kutumia mitambo ileile ya ukumbini. Bei ya kaseti moja ikawa mamia ya dola. Hatuna zaidi la kusema juu yake, maana walioimudu ni wachache.

Tekken ilipita njia nyingine, na hapa ndipo tunapoona kazi ya kuhamisha gemu ilivyofanywa kwa akili. Namco walitengeneza Tekken ya kwanza juu ya bodi ya System 11, ambayo yenyewe ilijengwa kutokana na PlayStation. Kuihamishia nyumbani mwaka 1995 kulikuwa karibu na kuirudisha kwao. Tekken 3 ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta kazi, maana bodi yake mpya, System 12, ilikuwa na prosesa ya kasi zaidi na kumbukumbu kubwa zaidi. Toleo la PlayStation la mwaka 1998 lililipia pengo hilo kwa mandhari: majengo na miti iliyokuwa na umbo halisi nyuma ya wapiganaji ikawa picha bapa iliyozungushwa uwanja. Fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazochorwa kila sekunde, hazikuguswa. Wakaongeza aina mbili za mchezo, Tekken Force na Tekken Ball, juu yake. Ndiyo maana mpiganaji Eddy Gordo wa bandani anaudhi kwa kiwango kilekile alichoudhi ukumbini: anayebonyeza mateke mawili ovyoovyo anapata ngoma nzima ya capoeira, kwa muda uleule.

Hamsini na sitini

Tanzania iko upande wa PAL, mfumo wa tivii wa Ulaya. Mashine nyingi zilizofika Tanga kwa njia ya kawaida, na zile zilizokuja mitumba kutoka Ulaya, zilitengenezwa kwa tivii za picha 50 kwa sekunde. Ukumbini Japani na Marekani gemu hizi zilitengenezwa kwa picha 60. Gemu ya ngumi ya zamani haihesabu sekunde, inahesabu fremu: ngumi hii itoke baada ya fremu kadhaa, kinga ikae fremu kadhaa. Kwa 60, fremu moja ni milisekunde 16.7. Kwa 50, ni 20. Kama waliohamisha gemu hawakurekebisha hesabu hizo, kila kitu kinakwenda kwa tano ya sita ya mwendo wake, na muziki mara nyingi pamoja nacho. Toleo la Ulaya la Street Fighter II kwenye Super Nintendo ni hivyo: taratibu, na mikanda myeusi juu na chini, kwa sababu PAL ina mistari mingi zaidi kuliko ile ambayo gemu inaichora.

Hili si jambo la makumbusho. Desemba 2018 Sony walitoa PlayStation Classic, kijimashine chenye gemu 20 ndani yake, na nje ya Japani gemu 9 kati ya hizo ziliwekwa za PAL. Tekken 3 ni mojawapo. Mtu anainunua ikiwa mpya kabisa, anaichomeka kwa HDMI, halafu anahisi wapiganaji wanatembea majini.

Kujua uko upande gani ni rahisi. Soma namba ya diski: inayoanza na SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS ni ya Marekani, SLPS, SLPM au SCPS ni ya Japani. Kama diski haina maandishi, tumia saa ya simu. Anza pambano la wawili, wekeni pedi chini, na upime muda wa kihesabio cha raundi kutoka mwanzo hadi sifuri. Pima tena kwenye mashine nyingine yenye gemu hiyohiyo na setingi zilezile. Mashine ambayo muda wake ni mara 1.2 ya mwenzake iko kwenye 50. Usilinganishe na sekunde za saa ya ukutani. Vihesabio vya gemu hizi si sekunde halisi.

Dawa ni kupata toleo la Marekani au Japani, na ina masharti yake. PlayStation ya PAL iliyowekewa chipu ya kuiruhusu diski za nje itasoma diski ya Marekani na kutoa picha 60, lakini kwa waya wa AV wa kawaida rangi inaweza kupotea, picha ikatoka nyeusi na nyeupe, au ikaruka juu chini kwenye tivii ya zamani isiyokubali 60. Tivii iliyoandikwa multisystem nyuma yake kwa kawaida huishika. Mwenye waya wa RGB, unaopeleka kila rangi peke yake, na tivii yenye tundu pana la SCART hapati tatizo la rangi. Kwenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, chagua faili la toleo la 60 tangu mwanzo. Kulilazimisha la PAL likimbie 60 kunafaa tu kama gemu haikurekebishwa. Kama ilirekebishwa, utaifanya iwe ya haraka kupita kiasi. Na mashine ya Marekani au Japani yenye sehemu ya umeme ndani yake, iliyoandikwa volti 120 au 100, usiichomeke ukutani kwenye 230. Itachomeka mara moja tu.

Kuchelewa si kwenda taratibu

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na dalili zake ni kinyume kabisa. Chukua pigo linalotua baada ya fremu 20. Kwa 60 una milisekunde 333 za kuliona na kukinga. Binadamu anahitaji takriban 200 hadi 250 kuona na kubonyeza, kwa hiyo unabakiwa na nafasi kidogo. Gemu hiyo ikishushwa hadi 50, pigo linachukua milisekunde 400: kukinga kunakuwa rahisi, ila kombo ulizokariri zinakatika kwa sababu mdundo wa kidole umebaki wa zamani. Sasa rudisha 60, lakini tivii inachelewesha picha kwa milisekunde 100. Pigo linaonekana lina kasi ya kawaida, muziki uko sawa, kihesabio kiko sawa, na wewe umebakiwa na 233. Kinga inakuwa bahati nasibu. Kwa kifupi, mtu anayekosa kombo lakini anakinga vizuri, mwendo wa gemu yake ukaguliwe. Anayepigwa mapigo aliyozoea kuyakinga, tivii yake ikaguliwe.

Tivii ya chogo haina pa kuihifadhi picha. Mawimbi yakiingia, mstari unachorwa papo hapo. Flati hupokea picha nzima, huikuza, huisafisha, huilainisha mijongeo, ndipo huionyesha. Kila kazi ni fremu. Mashine za zamani zina balaa la ziada: hutoa mistari 240 isiyopishana, na flati nyingi hudhani ni ile 480 ya kupishana ya matangazo ya kawaida, zikaanza kuunganisha picha mbili ambazo hazikuwa na haja ya kuunganishwa. Dalili yake iko miguuni mwa wapiganaji. Katika gemu nyingi za enzi hizo kivuli huchorwa fremu moja, kinaachwa fremu inayofuata, ili jicho likione chepesi. Kwenye flati inayounganisha picha, kivuli kinapotea kabisa au kinageuka michirizi. Ukiona hivyo, jua kuna kazi inafanyika nyuma ya kioo na inakula muda wako.

Cha kwanza cha kufanya ni kuingia kwenye mipangilio ya picha na kuchagua hali ya Game, au kuibatiza ile tundu ya HDMI jina la PC, kutegemea tivii. Zima kila kinacholainisha mijongeo na kupunguza chenga. Kigeuzi cha bei ndogo cha kutoa AV kwenda HDMI, kile kisanduku cheupe au cheusi kinachouzwa kila duka la simu, mara nyingi huongeza ucheleweshaji wake juu ya ule wa tivii, na hunyoosha picha ijae kioo chote. Kama tivii bado ina matundu ya rangi ya AV, jaribu kuchomeka moja kwa moja kabla ya kununua kigeuzi. Na sabufa iunge kwa waya. Sauti ya bluetooth inafika nyuma ya picha, na wachezaji wazuri hukinga kwa sikio pia.

Kipimo cha nyumbani kipo. Simu nyingi za sasa hurekodi picha 240 kwa sekunde kwenye hali ya mwendo wa taratibu, kila picha ikiwa milisekunde 4.2 hivi. Iweke simu ishike kidole na kioo kwa pamoja. Bonyeza ngumi nyepesi ya mpiganaji mmoja, kisha hesabu picha kuanzia kitufe kinapofika chini hadi mpiganaji anapotikisika mara ya kwanza. Picha 24 ni milisekunde 100, yaani fremu 6. Rudia mara kumi na utafute wastani, kwa kuwa kidole huangukia sehemu tofauti ya fremu kila mara. Halafu chukua mashine ileile, pedi ileile, gemu ileile, uipime kwenye tivii ya chogo. Tofauti ya wastani hizo mbili ndiyo ucheleweshaji wa flati. Vingine vyote vimejifuta vyenyewe. Bila kipimo cha pili namba ya kwanza haikuambii kitu, maana ndani yake mmo muda wa gemu kuandaa ngumi.

Emuleta kwenye simu au kompyuta ya bei nafuu ina ucheleweshaji wake pia, na programu ya RetroArch ina kipengele cha kukimbiza fremu mbele kinachoupunguza. Anza na fremu 1. Ukizidisha, mpiganaji ataonekana akiruka hatua za mwanzo za pigo, na prosesa dhaifu itaanza kukwama.

Pedi, chumvi na lenzi

Kabla ya kuihukumu tivii, fungua pedi. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na banda lenye mlango wazi siku nzima linaongeza vumbi na jasho la mikono. Ndani ya pedi kuna mpira wenye vidonge vyeusi vya kaboni vinavyogusa bodi chini yake. Vikivaa utando, kitufe kinaitika ukikandamiza tu. Cha kwanza kufa kwa kawaida ni mshazari: chini na mbele kwa pamoja. Robo duara ya kurusha moto wa Ryu ni chini, mshazari, mbele, kisha ngumi. Mshazari usipoandikwa, gemu inaona chini na mbele tu, na anatoa ngumi ya kawaida. Futa vidonge kwa pamba yenye spiriti kidogo, bodi nayo vivyo hivyo, acha ikauke kabisa. Msasa usitumie. Unaondoa kaboni yenyewe.

Anayetaka hisia ya ukumbini huchonga sanduku la fimbo. Kosa la mafundi seremala ni kutumia ubao wa milimita 18 kwa vitufe vya Kijapani vya milimita 30 vya kubana: meno yake yanahitaji bamba jembamba, kwenye ubao mnene hayashiki. Kwa ubao huo tafuta vya Kimarekani vyenye shingo ndefu na nati, toboa tundu la milimita 28 au 29.

PlayStation za mwanzo kabisa zina ugonjwa wake. Reli ya plastiki inayobeba lenzi huliwa kwa kutembea na kwa joto la sehemu ya umeme iliyo jirani, lenzi inainama, muziki unakatika na kusubiri kunarefuka. Ndiyo maana mashine zile zilichezwa zikiwa zimegeuzwa juu chini: uzito wa lenzi unahamia upande usioliwa. Inasaidia kwa muda, ila reli haijapona. Diski za kuchoma nazo hurudisha mwanga kidogo kuliko diski halisi na humchosha mzee huyo mapema.

Mwenye PS4, Xbox One, Switch au kompyuta anaweza kukwepa nusu ya haya. Street Fighter 30th Anniversary Collection ya mwaka 2018 ina gemu 12 za ukumbini, na mkusanyo wa Marvel vs. Capcom uliotoka mwaka 2024 una X-Men vs. Street Fighter ya ukumbini, wapiganaji wakibadilishana kama kawaida. Ukiifungua, peleka picha kwenye 4:3 kabla ya pambano la kwanza. Kioo kizima kinawanenepesha wapiganaji, balaa lilelile lililokwepwa mwaka 1992. Kisha rudi kwenye mipangilio ya tivii, kwa sababu hakuna mkusanyo unaoweza kuwasha hali ya Game kwa niaba ya rimoti iliyopotea.